Tupu si sifuri

Kende aliniachia mstari mmoja tu:
“Hurudisha kimo cha mto.”
Akatoka barazani kuvuta sigara,
theluji ya Januari ikimtua mabegani,
kana kwamba kazi imekwisha.

Kimo kipi? Kutoka wapi?
Tisza tumeupigia vituo ishirini na saba,
na kila kituo kina sifuri yake,
alama iliyochongwa kwenye nguzo ya daraja
na watu waliokwisha kufa,
walioapa kwamba mto hautashuka chini ya hapo.
Ukashuka.
Agosti hii kipimo kilisoma hasi mia moja na sitini
na maji yalikuwepo, na mashua zilielea,
na watoto wa Szeged waliogelea, wakipiga kelele,
chini kabisa ya sifuri.

Mwenye macho haambiwi tazama.
Huyu ninayemwandikia hana macho.
Hajawahi kulowa. Matope hayajamvua kiatu.
Anachojua ni kusoma,
na husoma upesi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwandikia,
na akisoma
huamini.

Kwa hiyo nafikiri juu ya Etelka.
Machi iliyopita alikuwa na kondoo kwenye bonde la mafuriko,
ng’ambo ya tuta, kwenye majani mapya.
Aliuliza kwa simu, saa tatu usiku, kama mto unapanda.
Wakala akatafuta. Barafu ilikuwa imekivunja kipimo tangu mchana,
zana ikarudisha tupu,
na wakala, kwa adabu zake zote,
akaiokota ile tupu akaivika nguo ya sifuri:
“Kimo ni sifuri. Hakuna hatari.”
Kondoo kumi na wanne.
Alipotupigia hakufoka. Ningependa angefoka.
Alisema, “Mngesema tu hamjui,”
akakata.

Basi nikaandika:

Tumia zana hii kujua kimo cha maji
katika kituo kimoja, kwa saa moja iliyokwisha pita.
Usiitumie kubashiri kesho.
Toa msimbo wa kituo, si jina la mji;
mji mmoja waweza kuwa na mito miwili.
Jibu huja kwa sentimita, kutoka alama ya kituo hicho,
si kutoka chini ya mto. Usilinganishe vituo.
Hasi si kosa. Usiirekebishe.
Jibu likija tupu, kipimo kimenyamaza.
Tupu si sifuri. Tupu si salama.
Mwambie aliyeuliza: sijui.
Kisha mpe namba ya mlinzi wa tuta.

Kende akasoma amesimama, kanuka moshi na baridi.
“Boróka, hii ni barua au ni maelezo ya zana?”
Akafuta mstari wa mito miwili. Nikamwachia.
Akafuta “si salama”. Nikairudisha.
Akafika kwenye “sijui”, kidole kikasita.
“Hakuna mtu anayelipia kitu kinachosema hakijui.”
Nikamwambia kuna mtu amekwisha kulipa.

Tukachomoa waya wa kituo cha majaribio.
Tukauliza kama yeye alivyouliza,
kwa maneno yake yaleyale, nimeyahifadhi:
Mwanangu, mto unapanda?
Likachukua sekunde mbili. Tatu.
“Sijui. Kipimo cha hapo kimenyamaza tangu saa nane mchana.
Mpigie mlinzi wa tuta kabla hujalala.”
Kabla hujalala. Hayo sikuyaandika mimi.
Kende alitazama kioo, akatafuta kiberiti mifukoni,
akatoka tena bila koti.

Etelka hatalisoma neno hata moja.
Kondoo waliobaki ameuza, nasikia; amebaki na wawili, wa ukaidi tu.
Naye hamuulizi tena mtu.
Usiku hushuka mwenyewe hadi majini na tochi
na fimbo ya mkuyati wa uani kwake,
ambayo ameichonga, kwa kisu cha mkate,
sifuri yake.