Dakika Ishirini na Tatu

Kijiti kimesimama uwanjani, Birkat al-Mauz,
fimbo kavu ya mtende, mawe yamepangwa kando yake,
na kila jiwe ni zamu ya mtu.
Langu ni lile jeupe lenye ufa,
nililorithi kwa Hamduni
pamoja na mitende kumi na mmoja na deni la dukani.

Kivuli kilipogusa jiwe la jirani nilifungua.
Maji yakaingia yakinong'ona, shina kwa shina.
Ilikuwa Februari. Kivuli kilibakiza vidole vinne
kufika kwenye ufa wangu,
Ghasani akaja na simu, na koleo, na tope magotini,
akaziba.
"Saa sita kamili, Mama Rayya."

Nikamwambia: mwanangu,
nimefungua kwa jua, wanifungia kwa setilaiti?
Kitambaa hakipimwi kwa dhiraa
kikakatwa kwa futi.
Na kama sita ndiyo hiyo,
muadhini wa adhuhuri yuko wapi?
Akatazama mnara.
Mnara ukanyamaza.

Rayya, anayesomesha jiografia Nizwa,
alinichorea usiku kwenye karatasi ya sukari:
saa ya Oman nzima imefungwa kwenye mstari mmoja,
na mstari wenyewe unapita mbele ya Ras al-Hadd,
baharini, juu ya maji ya chumvi,
pasipo mtende hata mmoja.
Jua likiwa utosini mwa samaki wa huko
sisi huku twangoja dakika tisa.
Tena Februari jua lina uvivu wake,
linaongeza kumi na nne.
Ishirini na tatu!
Mitende miwili ya mwisho ililala na vumbi.

Mimi mzaliwa wa Wete,
akrabu ikiwa kwenye saba, nasoma moja.
Miaka arobaini wananicheka hapa
kwamba saa yangu inasimama kichwa chini.
Mbona mimi nahesabu tangu kucheche tu,
tangu jogoo, tangu kuona mkono wangu?

Novemba ikaja. Jua, sijui lilikuwa na haraka gani,
likavuka utosi, simu ikidai bado dakika saba.
Kivuli kikafika kwenye ufa, kikaupita.
Ghasani alikuwa ameketi ukutani, macho kwenye kioo,
akingoja sita yake.
Maji yakaendelea kuingia kwangu.
Sikusema neno.
Nilivuta kanga, nikahesabu kwa vidole:
bado namdai kumi na sita.