Siku Kumi na Moja

Mama aliapa Jumatano, mkono juu,
ukumbini Los Angeles, kati ya watu elfu tatu,
unga wa kiwanda cha mikate bado umo kuchani.

Saa ileile Nairi alikuwa darasani, Glendale,
amesinzia juu ya jedwali la elementi.
Alilala mgeni, akaamka raia.
Hakuapa, hakusaini;
mate tu yalilowesha daftari.
Miaka kumi na minne, kadi ya ukaazi, nyumba ya mama:
sheria haikumdai zaidi.

Mimi nilitimiza kumi na minane
siku kumi na moja kabla.

Karani alihesabu kwa ncha ya kalamu, akarudia,
akaniangalia kama anayeniomba radhi:
“Wewe utaomba mwenyewe, Hrayr.”

Tumbo ni lilelile. Ndege ni ileile kutoka Yerevan,
viti vitatu, mimi dirishani.
Wanasema sheria ni msumeno;
sikujua unaweza kupita katikati ya kitanda cha ghorofa,
ukamwacha wa juu, ukamkata wa chini.

Jioni mama alikata mkate kwa kisu chenye meno,
akanipa kipande kikubwa kuliko cha Nairi.
Hakuna aliyeuliza.
Nairi alikitazama, kisha akanisogezea na siagi.

Sasa najaza fomu.
Penye jina la mama nimeandika Satenik.
Penye uraia wa mama: Mmarekani.
Penye wangu kalamu imesita,
ikaacha doa la wino,
duara,
kama kitovu.