Chumba Chini ya Zizi

Kazi yangu ni kuonja. Hapa Moshi, ghalani nyuma ya reli,
navuta kahawa kijikoni kwa kelele, nausikiliza ulimi, natema.
Mwaka wa kumi na tisa natema.
Naweza kukwambia shamba lilipata mvua lini
na nani alichelewa kuanika.
Lakini ndoto haitemwi.

Ilianza wiki ile tuliyogawana kihamba.
Naliona zizi la babu, Kibosho. Ng'ombe hayupo,
ila joto lake limelala palepale kwenye majani.
Nafagia. Chini ya samadi pana ubao,
chini ya ubao, ngazi za udongo,
na mimi, mtu mzima mwenye presha,
nashuka kinyumenyume kama mtoto.

Watu wa kale walichimba kweli mapango kama haya,
wajifiche na mbuzi wao, vita ikipita juu.
Bibi Ndeanasia alisema shimo humkumbuka kila aliyeingia.
Tukacheka. Sisi tulikuwa na redio.

Huku chini ni kukubwa kuliko nyumba.
Nyumba njema si mlango, hilo nililijua;
sikujua kuwa hata nyumba mbovu ina sebule ya kumi.
Kuta zinatoka jasho. Mfongo unapita mahali, siuoni, nausikia,
maji ya mlimani yasiyomwomba mtu njia.
Nyoka yupo, bila shaka. Nyoka hakosi.
Hakunitazama. Alikuwa na shughuli zake.

Halafu yupo yeye.
Amevaa sketi yangu ya bluu ya darasa la tano,
ile iliyopotea kwenye kamba.
Uso ni wangu. Mkono ni ule wa kushoto,
ambao Mwalimu Kiwelu aliuchapa rula hadi ukasahau kuandika.
Anatwanga. Kinu kitupu, anatwanga,
na kila pigo, juu kabisa, mlima unaitika.

Mawenzi alikwenda kwa Kibo kuomba moto.
Akapewa, na ndizi juu yake. Akauzima njiani, akarudi.
Akauzima tena, akarudi. Mara ya tatu Kibo akashika mchi.
Ndiyo maana uso wa Mawenzi umechanika vile.
Tangu utotoni nimemcheka yule mdoezi.
Yule mwenye mchi sikuwahi kumuuliza kitu.

"Ndelilio," akasema, bila kuinua kichwa,
"ulimwita nani siku ile, mbele ya wanawe?"
Nikasema sikumwita kitu.
Akatwanga.
Nikasema nilimwita, lakini kaka ndiye aliyeanza,
alisogeza masale ya mpaka usiku, hatua tatu, nilihesabu.
Akatwanga.
"Ulihesabu na taa ipi?"

Kikulacho... sijui kama niliitamka methali ile
au niliiona tu ikitambaa kwenye pindo la sketi.
Nilitazama vidole vyangu. Udongo mwekundu, mbichi.

Akang'oa jani la isale kutoka ukutani, akalifunga fundo,
akaninyooshea kwa mkono ule uliochapwa.
Kwetu ukiletewa isale husemi hapana,
hata kama ni damu.
Jani lilelile la mpaka, lilelile la msamaha;
na ukiletewa na nafsi yako mwenyewe,
mila haisemi ufanye nini.

Saa kumi usiku niliamka, ngumi ya kushoto imefumba.
Niliifungua kidole kimoja kimoja. Hamna kitu.
Asubuhi Kibo alikuwa wazi, kisha wingu likamla.

Kazini, kikombe cha kumi na moja kilikuwa na udongo.
Wenzangu wakaonja: safi, wakasema, limau, asali kwa mbali.
Nikaonja tena.
Nikameza.

Jumamosi nitapanda Kibosho.
Sijui nimpelekee kaka jani
au futi ya fundi, tupime upya.
Nimeweka vyote viwili kwenye pochi.