Mgongo wa Pembetatu

Siku ya kwanza Dokta Mringo alituonya:
"Msinichoree Kibo.
Kila mwaka napokea Kibo arobaini,
zote zina theluji nyingi kuliko ile ya dirishani."
Tukacheka. Kisha akatupa kazi:
pembetatu moja. Nyekundu. Basi.

Nikadhani ni kazi ya chekechea.
Nukta tatu, kila moja na anwani yake,
kushoto, kulia, juu,
halafu uiambie mashine: jaza.

Saa nane usiku skrini ingali nyeusi.
Hakuna kosa. Hakuna onyo.
Programu inatembea vizuri kabisa
na haichori kitu.
Elinami, meza ya pili, keshakata tamaa,
amelalia kibodi,
shavu lake linaandika jjjjjjjjj.

Jumamosi nikaenda Kiboriloni.
Mama yuko kwenye cherehani, msimu wa kipaimara,
magauni meupe kumi na saba yanasubiri pindo.
Nikamweleza, kwa kuwa aliniuliza
mbona macho mekundu.
Hakuelewa, wala hakujifanya ameelewa.
Alikuwa anafumua mkono wa gauni,
anang'oa uzi kwa meno, ananung'unika:
"Nimeupachika ndani nje.
Kitambaa kizuri, kipimo sawa, mshono umenyooka,
lakini mgongo ndio unaotazama watu."

Nikasimama na kikombe mkononi.
Mgongo.
Nukta zangu nilizitaja kwa kufuata saa;
mashine husoma kinyume cha saa.
Pembetatu ilikuwepo usiku kucha,
nzima, nyekundu, pale pale nilipoiweka,
imenipa kisogo,
na mashine, kwa kubana matumizi,
haipaki rangi visogo.

Sikumaliza chai.
Maabara ilikuwa tupu, mlinzi akanifungulia
huku akiniuliza kama sina kwetu.
Nilibadilisha mambo mawili tu:
nukta ya pili ikawa ya tatu,
ya tatu ikawa ya pili.

Ikatokea.
Ndogo, kingo zake meno ya msumeno,
haina kivuli, haina mlima,
haina hata sababu ya kuwa nyekundu.
Niliitazama mpaka mlinzi akagonga dirisha kwa funguo.

Nikampelekea Mama picha kwa simu.
Akajibu baada ya saa nzima:
"Nzuri. Ni nini?"

Nikaandika maelezo marefu, nikayafuta.
Nikaandika: "Mkono.
Nimeugeuza."