Bei ya Herufi

Mjane Petilia alikuja asubuhi,
ubao wa nta kwapani, mtumwa nyuma na mkoba.
"Stayo," akaniambia, "mume wangu jemadari
mchonge kwa kina, herufi ziishinde mvua."
Mimi hutoza kwa herufi. Nikaupokea ubao, nikahesabu.

Jina lake tu, Vopisko Numisi Taro,
lingemlisha punda wangu hadi mavuno ya zabibu.
Kisha vyeo. Kisha mito aliyovuka:
mmoja sikuwahi kuusikia, nikauliza unaandikwaje.
"Andika tu," akasema. "Walioujua wamekufa."

Kaka yangu aliuvuka.
Alirudi na vidole saba mikononi,
na baridi ikishuka toka milima ya Umbria
huvihesabu upya, kama bahili na sarafu.
Ndiye aliyenisimulia: usiku wa theluji
jemadari alishuka farasini, akampandisha kilema,
akatembea hadi kukakucha.
Kulipokucha akachoma kijiji
kwa kuwa kilichelewa kuleta nyasi.
"Mtu yule yule, Stayo. Viatu vile vile."

Hayo hayamo ubaoni.
Yamo "mshindi", "mcha miungu", "baba wa mji",
mji uliompokea kwa mashada
na kumzomea ngano ilipopanda bei.

Mstari wa mwisho, patasi ikasita:
nafasi imebaki, upana wa kiganja.
Nikamwambia, bibi, hapa patupu pataota kuvu.
Akatazama mikono yake.
"Alikuwa akilia usingizini," akasema,
"kwa lugha ambayo nyumbani hakuna aliyeijua.
Hiyo ni herufi ngapi?"

Nikahesabu. Nikamtajia.
Akafungua mkoba, akaufunga.
"Weka jani la mzeituni."

Nimelichonga. Majani sitozi.
Marumaru hii ni nzuri mno, najua mwisho wake:
siku moja mwenye tanuri ataivunja apate chokaa,
vyeo vyote, mito yote,
apake zizi la mbuzi liwe jeupe.

Jioni kaka yangu alipita kuliona jiwe.
Hajui kusoma. Alipapasa mistari
kwa vidole alivyobakiwa navyo,
akafika kwenye jani,
akafuata mshipa wake wa katikati, taratibu,
toka ncha hadi kikonyo.
"Huu ndio ule mto?"
Nikamjibu ndio.