Ua la Uani

Swaleh aliuleta kutoka Malindi,
kijiti kimoja, urefu wa shubiri,
kimeviringwa gazeti lililolowa kama samaki.
"Tia kwenye mkebe," alisema, "ni kitu kidogo."
Kitu kidogo!
Mwaka wa kwanza ulifika dirishani,
wa pili ukachungulia darini,
wa tatu ukaukwea ukuta, ukashukia kwa jirani
bila hodi, bila kuvua viatu.

Na maua? Hata moja.
Majani, miba na kiburi.
Mti wa maua usio na ua,
nao umeshaula ua wote.

Sikuunyima kitu. Maji ya kisima yana chumvi,
nikaukingia ya mvua katika pipa la buluu.
Samadi ya punda niliomba kwa Kupi,
nikaianika hadi ikapoa, maana mbichi huunguza mizizi.
Kusi ilipoyababua majani
niliyaosha moja moja, kama uso wa mtoto.
Fundi Famau akapita, akagonga ukuta kwa ukucha:
"Bi Somoe, usiuegemeze hapa.
Chokaa hii ni kongwe kuliko babu yako.
Weka boriti, acha nafasi ngumi ipite."
Nikaweka boriti tatu. Ngumi inapita.

Mimi hushona kofia. Mchana sindano,
jioni mwiba. Vidole vyangu
havijui tena kipi kilichovichoma.

Usiku mmoja wa Julai upepo ukakata kamba.
Asubuhi nikakuta tawi refu kuliko yote
limelala ubavu juu ya ukuta,
mfano wa mtu aliyechoka kujisifu.
Nilikuwa na uzi mdomoni, mkasi uko mbali,
nikaliacha vivyo hivyo.

Wiki ya sita
kila kifundo kilicholala kikafumbua jicho,
kila jicho likatoa chipukizi,
na kila chipukizi lina lake, jekundu, limejikunja,
harufu hadi kwenye ngazi.

Kumbe. Uliposimama wima, ulikuwa unakimbia tu.

Nikapasua leso ya zamani
ambayo jina lake lilishafutika, limebaki neno "subira",
nikayainamisha matawi mengine,
kidogo leo, kidogo keshokutwa,
maana la kulazimishwa huvunjika.
Moja nililivunja. Nililia? La.
Nililitukana.

Maua mengi yakaangukia upande wa Mwanaidi,
ambaye hatusemezani naye tangu mambo ya ule mfereji.
Akaoza bintiye. Kikuba kikapita kichochoroni,
asmini, rehani,
na waridi langu. Hakuomba.
Nilikaa na kofia mapajani, sikutia hata tundu moja,
nimenuna hadi magharibi.

Hatujasemezana bado.
Ila mwaka huu, nilipokuwa nikikata matawi yaliyozeeka,
nilipima kwa jicho,
nikafunga mawili machanga yaelekee kwake,
yamelala vizuri.