Tabora, Uwanjani Kadutu

Walituambia saa nane. Ikaanza saa kumi:
vita navyo humngoja mgeni rasmi.
Kiingilio franka elfu moja, mtoto nusu,
na mvua ya asubuhi imeacha vidimbwi
pale ambapo, kwa mujibu wa karatasi tuliyopewa,
ni Tabora, mwezi wa tisa, mwaka wa kumi na sita.

Nimeketi safu ya tatu.
Jeshi nalitazama kwa jicho la sindano:
suruali arobaini za kaki, nimezishona mwenyewe
kwa cherehani ya kukanyaga, wiki nzima bila umeme.
Kitambaa hakikutosha.
Wadachi watano wamevaa pazia la parokia.

Mugisho wa jirani yangu ndiye kamanda,
ndevu zake za pamba zinabanduka kila akiamuru.
Mbele! Wanakwenda mbele.
Mmoja amemwona shangazi yake jukwaani,
anampungia bunduki ya mti.

Kisha fataki.

Mtangazaji alikuwa ametuonya,
mara mbili kwa Kiswahili, mara moja kwa Mashi:
ni mchezo, wapendwa, msishtuke.
Lakini masikio ya mji huu hayangoji matangazo.
Kabla mwigizaji hata mmoja hajaanguka
sisi tulikuwa chini, jukwaa zima,
vifua juu ya maganda ya karanga,
viganja juu ya vichwa vya watoto,
wa kwetu, wa watu, yeyote aliyekuwa karibu.

Kimya.
Jeshi likasimama kututazama,
kaki arobaini, midomo wazi,
likiona namna mtu anavyolala chini hasa.

Mtu akacheka. Tukacheka wote,
tukapangusana vumbi, tukarudishiana viatu.
Mama Nabintu, muuza sambaza, hakutoka chini ya benchi.
"Endeleeni," alisema, "mimi naonea hapa hapa."

Wakaendelea. Safari hii walikufa vizuri zaidi.
Cirhuza tu, maiti wa karibu na goli,
alijikuna mara tatu: siafu.
Nikaona suruali yake imefumuka pajani,
uzi wangu unaning'inia,
nikainamisha uso kana kwamba mimi ndiye niliyempiga.

Bendera ikapanda. Tabora ikaanguka. Makofi.
Mgeni rasmi akasoma majina ya maofisa,
akayameza mengine, yalikuwa marefu.

Mimi bado nilikuwa nawangoja wapagazi.
Baba wa nyanya yangu alikwenda vita vile bila bunduki,
sanduku la risasi kichwani tangu Ruzizi,
risasi za watu wengine, za kuua watu wengine.
Nyanya alitusimulia jambo moja tu:
kwamba aliporudi shingo ilikuwa imekataa,
ukimwita kwa nyuma
aligeuka mwili mzima, kama mlango.

Nikamfuata mwandalizi, kijana mwenye filimbi.
Wabeba mizigo wako wapi?
Akapekua karatasi zake, mbele, nyuma.
"Mama," akasema, "bajeti."

Giza lilikuwa linaingia, na benchi zilikuwa za kuazima.
Nikalisikia jeshi likigombana nani abebe,
kisha likapanda mlima kuelekea parokia,
washindi na Wadachi wamechanganyika,
kila mmoja na benchi yake kichwani,
matope hadi magotini, hakuna aliyepiga makofi.
Wa mwisho alikuwa Cirhuza, paja nje.

Nilitaka kumwambia ailete ile suruali kesho, niishone.
Nikamwita kwa nyuma.
Akageuka mwili mzima.